Kulitambua Jiwe la Mwindaji: Mwongozo kwa Wakazi wa Gitega na Muyinga

Anayetaka kuwajua wawindaji wa Zama za Mawe akiwa Gitega au Muyinga asianze na tembo wala nyati. Aanze na jiwe. Udongo mwekundu wa vilima vya Burundi una asidi, na asidi hiyo huila mifupa hadi ikaisha. Mnyama aliyeangushwa kilimani miaka 20,000 iliyopita ameyeyuka zamani, na mti wa mkuki uliomwangusha umeoza pamoja naye. Kilichosalia ni kipande cha kwatzi, lile jiwe jeupe linalometa, chenye makali ambayo bado yanaweza kukata kidole.

Wengi hulipita jiwe hilo bila kuliona. Macho yao yanatafuta mafuvu na pembe kubwa za kwenye picha za makumbusho, na wasipoziona husema nchi yao haina historia ya aina hiyo. Inayo. Inahitaji jicho lililofundishwa, na jicho hilo lianze kufundishwa mtoni.

Ruvyironza hupita jirani na Gitega na kuingia Ruvubu. Ruvubu nao huelekea kaskazini-mashariki, hupita Karuzi, hupakana na eneo la Muyinga na Cankuzo, kisha huingia Tanzania na kukutana na maji ya Kagera karibu na Rusumo. Kagera huyapeleka yote Ziwa Viktoria. Sasa, kwenye Kagera ya chini, upande wa Uganda, ipo Nsongezi, mahali ambapo matuta ya kale ya mto yametoa mawe yaliyochongwa ya vipindi mbalimbali. Kaskazini kidogo ya mdomo wa mto huo ipo Sango Bay, ambako mwaka 1920 mjiolojia E. J. Wayland alikuta zana nzito, nene, zenye ncha, ambazo hazikufanana na mashoka ya mkono yaliyozoeleka. Wanaakiolojia wakaupa ufundi huo jina la ghuba ile, na jina hilo leo linatajwa hadi kusini mwa Afrika. Mkazi wa Muyinga, kwa hiyo, anaishi upande wa juu wa maji yaleyale ambayo karibu na mdomo wake elimu ya zana za mawe ilipata mojawapo ya majina yake. Hana haja ya kuwaza kwamba habari hizi ni za watu wa mbali.

Mandhari ya wakati wa wawindaji nayo yanajulikana kwa kiasi fulani, na kwa bahati njema ushahidi wake ulitoka Burundi kwenyewe. Katika kinamasi cha Kashiru, kwenye nyanda za juu, mtaalamu wa chavua Raymonde Bonnefille na wenzake walisoma tabaka za matope zenye kumbukumbu ya miaka 40,000, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Wakati wa baridi kuu ya mwisho ya dunia, hewa ya huku ilikuwa baridi zaidi kwa takriban nyuzi 4, na mvua ilipungua kwa karibu asilimia 30. Msomaji aondoe migomba na mikaratusi machoni mwake, apunguze misitu, aongeze nyasi. Nyasi zikiongezeka, wanyama wa makundi huongezeka, na mwindaji naye hubadilisha mbinu.

Wapi pa kutazama

Usichimbe. Hilo ni la kwanza na halina msamaha. Sababu yake itaelezwa mbele. Kazi ya kuchimba hufanywa kila siku na wengine: jembe linapofungua shamba, barabara inapokata kilima, mvua za Machi na Aprili zinapopanua korongo, wafyatua matofali wanapoteremka bondeni kutafuta udongo. Wewe fuata nyuma yao ukitazama. Toka asubuhi baada ya mvua kubwa, jua likiwa bado chini, kwa kuwa mwanga wa pembeni huonyesha kingo ambazo jua la saa sita huzificha.

Kwenye ukuta wa barabara iliyokatwa, tafuta mstari wa changarawe na mawe uliolala ndani ya udongo, pengine mita moja au zaidi chini ya majani. Mistari ya namna hiyo ni ya kawaida katika udongo wa nchi za joto, na mara nyingi zana za mawe hukutwa humo, zimechanganyika na mawe ya kawaida. Simama hapo kwa muda. Anayepita kwa haraka haoni kitu.

Alama za mkono wa mtu

Jiwe lililovunjwa na mtu hubeba alama za pigo. Kibanzi kizuri kina kitako kidogo bapa mahali nyundo ilipotua. Chini ya kitako, upande wa ndani, kuna uvimbe mdogo laini. Mgongoni kuna makovu ya vibanzi vilivyotangulia kutoka kwenye jiwe hilohilo. Ukiziona alama hizo tatu pamoja kwenye jiwe lenye chembe laini, shaka hupungua sana.

Kwatzi, hata hivyo, ni kaidi. Huvunjika ovyo, uvimbe wake mara nyingi hauonekani, na ndiyo inayojaa katika vilima hivi. Hapo tazama mpangilio: ukingo mmoja uliomegwa kwa vikovu vidogo vinavyofuatana upande uleule, umbo moja linalojirudia kwenye vipande kadhaa, vipande vingi vyenye makali katika eneo dogo lisilo na mwamba wa kwatzi karibu. Jiwe moja hudanganya. Mawe kumi mahali pamoja ni vigumu kudanganya.

Vidanganyifu vipo. Kokoto zilizopondwa kwa ajili ya barabara zina makali pande zote, tena hazina mpangilio wowote. Jembe nalo huacha kovu, lakini kovu hilo ni jipya: rangi yake ni safi na haifanani na ngozi ya jiwe iliyofifia kwa miaka. Jiwe la mtoni lililosuguliwa hadi likawa mviringo huenda ni jiwe tu. Lakini likiwa na mashimo-mashimo ya kugongwa kwenye ncha moja, huenda lilikuwa nyundo.

Njia bora ya kuyaelewa haya ni kujaribu mwenyewe. Chukua jiwe gumu la mviringo linalojaa mkononi, na jiwe jingine lenye ukingo mkali wa pembe isiyofikia nyuzi 90. Vaa miwani, viatu na kitambaa kizito mapajani, maana kibanzi kinachoruka hakichagui jicho. Piga karibu na ukingo, kwa pigo la kushuka, si la kusukuma. Kwa vipande vidogo vya kwatzi tumia njia ambayo watu wa kanda hii waliitumia sana: simamisha kipande juu ya jiwe bapa, kishike kwa kijiti na si kwa vidole, ukigonge kutoka juu. Kitapasuka na kutoa vipande vyembamba vyenye makali pande mbili. Jaribu kimoja kwenye ngozi ya mbuzi. Kinapita kwa wepesi unaoshangaza. Ukimaliza, okota vipande vyote, uvifukie pamoja na sarafu ya mwaka huu, ili anayekuja baadaye asidhani amekuta karakana ya kale.

Jiwe lipi ni la wakati gani

Zana za kale zaidi zinazojulikana duniani zilitoka Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zikiwa na umri wa miaka milioni 3.3. Ni mawe makubwa, mazito, yaliyopigwa bila umaridadi. Karibu na Ziwa Viktoria, huko Nyayanga katika rasi ya Homa, zilipatikana zana zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Habari yake ilichapishwa mwaka 2023. Kwa msomaji wa Burundi hilo si jambo dogo: pale ambapo leo ni kando ya ziwa hilohilo linalopokea maji ya Ruvubu, wachonga mawe walikula kiboko kabla mwili wa binadamu haujafika umbo letu.

Baadaye, kuanzia miaka milioni 1.7 na ushei iliyopita, likaja shoka la mkono: jiwe lenye umbo la chozi, limechongwa pande mbili, kwa kawaida urefu wa sentimita 10 hadi 20. Anayetaka kuyaona mengi kwa pamoja aende Isimila karibu na Iringa, yalikoripotiwa mwaka 1951 na kuchimbwa na F. Clark Howell mwaka 1957 na 1958, au Olorgesailie katika barabara ya Nairobi kwenda Magadi, ambako yameachwa ardhini palepale yalipokutwa na mgeni huyatazama akiwa juu ya daraja la mbao. Shoka hilo lilikuwa chombo cha kuchinjia zaidi ya kurushia. Ukilishika, kiganja chenyewe hukuonyesha jinsi ya kulitumia.

Zama za Mawe za Kati ndizo zilizobadilisha uwindaji. Mchongaji alianza kuliandaa jiwe kwanza, kisha kwa pigo moja akatoa ncha ya pembetatu iliyo tayari kufungwa kwenye mti kwa gundi na kamba. Huko Gademotta, Ethiopia, ncha za kioo cha volkano zenye umri wa zaidi ya miaka 279,000 zina alama za kuvunjika ambazo watafiti wamezisoma kuwa ni za mkuki uliorushwa. Mwindaji sasa angeweza kusimama mbali na pembe za mnyama.

Vipande utakavyovikuta kwa urahisi zaidi juu ya vilima vya Gitega na Muyinga ni vya Zama za Mawe za Mwisho: vidogo, sentimita 1 hadi 3, vya kwatzi, vingine vyenye umbo la mwezi mchanga. Havikutumika peke yake. Vilipangwa kwenye mshale au mpini, vikabandikwa kwa gundi ya miti. Udogo wao usikufanye uvidharau. Huenda ndivyo vilivyobeba sumu.

Wanyama waliowindwa, na namna walivyoangushwa

Tembo wa kale wa Afrika Mashariki, Elephas recki, alimzidi tembo wa leo kwa kimo. Kiboko aliyeitwa gorgops, ambaye mifupa yake ilipatikana Isimila na Olduvai, macho yake yalikuwa yameinuka juu kabisa ya fuvu, akaweza kutazama huku mwili wote ukiwa majini. Nyati mkubwa, Syncerus antiquus, alibeba pembe ndefu zilizotanuka pande mbili kwa upana unaokadiriwa kufika mita 2 hadi 3. Kulikuwa pia na nyani wakubwa wa jamii ya Theropithecus. Mabaki ya wengi wao yalichimbuliwa Olorgesailie katikati ya mashoka ya mkono.

Je, watu wale waliwaua wanyama hao, au waliokota mabaki ya simba? Swali hili limewagombanisha wataalamu tangu mwanaakiolojia Mary Leakey alipokuta fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Kwenye eneo lilelile kulikuwa na maelfu ya vipande vya mifupa, na mwaka 1981 watafiti waliripoti alama za kukatwa kwa mawe juu yake. Alama nyingi zipo kwenye mifupa yenye nyama nyingi. Anayefika baada ya simba na fisi hukuta nyama hiyo imekwisha. Kwa hiyo uzito wa ushahidi unaelemea upande wa watu waliofika mapema. Waliokota pia, bila shaka. Mwenye njaa hachagui njia moja.

Mbinu ya kutumia ardhi ndiyo iliyomfanya mtu dhaifu amshinde mnyama mzito. Katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kundi la Rusingoryx, ndugu wa nyumbu mwenye pua iliyotuna na kuwa na uwazi ndani, lilikufa kwenye mkondo wa maji wa kale takriban miaka 68,000 iliyopita. Mifupa ya wengi imelala pamoja na zana, na baadhi ina alama za kuchinjwa. Watafiti wanaisoma kama kazi ya watu waliolijua kundi na mahali pa kulinasa. Huko Katanda kwenye mto Semliki, mashariki mwa Kongo, watu wa miaka takriban 90,000 iliyopita walichonga machusa ya mfupa yenye meno, wakavua kambale wakubwa. Na Zanzibar ilipokuwa bado imeungana na bara, watu wa pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, walikula pundamilia, nyati na kuro. Ncha za mfupa za miaka takriban 13,000 zilizotoka pangoni humo zimelinganishwa na mishale ya sumu. Kwa sumu, mshale hauna haja ya kuwa mzito. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wa leo kama wewe, hadi sasa wanajua kuipika sumu ya mshale kutoka kwa mmea wa Adenium.

Zoezi la Ruvubu

Baada ya kusoma haya, nenda hifadhi ya taifa ya Ruvubu. Ilianzishwa mwaka 1980, ina takriban kilomita za mraba 508, na ndiyo kubwa kuliko zote nchini. Tembo na simba hawapo tena, lakini nyati, viboko na kuro wapo. Ingia na mwongozaji wa hifadhi, usimkaribie nyati hata akionekana mtulivu, wala usisimame kati ya kiboko na maji.

Kazi yako humo ni kutazama kwa akili ya mtu mwenye mkuki wa mti. Upepo unatoka wapi? Njia za wanyama zinakutana wapi kabla ya kufika mtoni? Ukingo upi ni mwinuko kiasi kwamba nyati akiteremka hawezi kugeuka? Wapi pangechimbwa rima, na wapi watu watano wangelala kwenye nyasi bila kunuswa? Ukishapata majibu, geuka utazame kilima cha karibu na uulize watu hao wangekaa wapi kuzinoa ncha zao huku wakiliona bonde. Maswali hayo ndiyo hayohayo anayojiuliza mwanaakiolojia kabla ya kuchagua mahali pa kuchimba.

Gitega, ingia Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Mikusanyo yake mingi ni ya utamaduni wa karne za karibuni, lakini simama mbele ya mikuki ya chuma. Ufundi wa kuyeyusha chuma una zaidi ya miaka 2,000 katika Burundi na Rwanda, na ndio uliolipumzisha jiwe. Anayetaka kuona mifupa yenyewe avuke mpaka wa Kobero aingie Tanzania: Olduvai ina makumbusho ukingoni mwa bonde, na fuvu halisi la Zinjanthropus limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Huko, inamia kioo utazame mikwaruzo. Mkato wa jiwe ni mwembamba, wenye umbo la V. Jino la fisi huacha mfereji mpana wenye kitako cha mviringo. Mfupa mnene uliopasuliwa kwa kugongwa ulipasuliwa kwa ajili ya uboho.

Ukilipata jiwe

Liache lilipo. Huko Olorgesailie watafiti walikuta vipande vya kioo cha volkano vya miaka takriban 320,000, na mwaka 2018 wakaeleza kwamba jiwe hilo lilitoka mbali, kilomita 25 hadi zaidi ya 50. Kutokana na umbali huo ndipo walipoona kwamba watu wale walisafiri au kubadilishana vitu na majirani wa mbali. Ushahidi wote ulitegemea kujua kipande kilikuwa wapi, katika tabaka gani, pamoja na nini. Mtu angekiokota na kukiweka kabatini, kingebaki kioo cheusi chenye makali na hakuna zaidi.

Kwa hiyo piga picha mbili: moja ya karibu, ukiweka kalamu au sarafu kando yake, na moja ya mbali inayoonyesha kilima, barabara au mti mkubwa. Andika jina la kilima, tarehe, na namba za mahali kutoka kwenye simu. Eleza kama lilikuwa juu ya ardhi au ndani ya ukuta wa udongo, na kwa kina gani. Usilioshe, usilijaribu makali, usilimege uone ndani yake. Mwambie kiongozi wa kilima, kisha peleka picha na maelezo kwenye Makumbusho ya Taifa Gitega. Kununua na kuuza vitu hivi ni kuviangamiza, na urithi wa utamaduni wa taifa unalindwa na sheria tangu mwaka 1983.

Walimu wa Muyinga na Gitega wanaweza kufanya kazi kubwa hapa kwa gharama ndogo. Darasa moja likipita kwenye korongo moja kila baada ya mvua kubwa, likapiga picha na kuandika bila kuokota, baada ya miaka michache litakuwa na ramani ambayo mtafiti yeyote angeifurahia.

Na kwa wafyatua matofali lipo ombi la pekee. Kilimani mifupa imeliwa na asidi, lakini matope yanayolowa mwaka mzima huweza kuhifadhi kile ambacho udongo mkavu haukiwezi. Kalambo, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, mchanga uliolowa maji ulihifadhi magogo yaliyochongwa na watu miaka 476,000 iliyopita. Mabonde ya Burundi yana matope mengi. Jembe lako likigonga mfupa mweusi mzito, jino kubwa, au mti uliochongwa ulio chini sana kuliko mizizi ya leo, simamisha kazi katika kona hiyo ya shimo, uifunike kwa udongo wenye unyevu ili isikauke na kupasuka, uendelee kufyatua upande mwingine, na umtume mtu Gitega siku hiyohiyo.